Vyuma vya Mashua Kuukuu: Kuvitoa, Kuvitibu na Kuvirudisha Mahali Pake

Bolti iliyotuvunjikia ilikuwa inang'aa. Tulikuwa tunarudi Tanga na kusi ubavuni, ndani ya mashua ya mita 9 niliyoachiwa na mjomba, mara usukani ukatutoka mkononi kama mlango uliokatika bawaba. Tukafika bandarini kwa kushikilia kasia upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mikono imekufa ganzi. Kesho yake maji yalipokauka nikang'oa kipande kilichobaki kwenye fashini, ule mti wa nyuma unaobeba usukani. Kichwa cha bolti ya stenlesi kilikuwa kama kimetoka dukani jana. Shingo yake, sehemu iliyojificha ndani ya mbao, imeliwa ikawa nyembamba kama kijiti cha kiberiti.

Fundi mzee aliyenisaidia aliigeuzageuza, akanirudishia. "Mwanangu, wewe umekuwa ukipiga msasa vichwa tu."

Kweli tupu. Nilikuwa nikivisugua na kuvipaka rangi vyuma vya mashua ile mara mbili kwa mwaka, wala sikuwahi kuvitoa hata kimoja. Mwongozo huu ni wa kuvitoa. Unafaa kwa mashua, jahazi dogo, au boti yoyote ya mbao iliyokwisha kula miaka kadhaa ya chumvi. Wa ngalawa nao watapata chao, ingawa vyuma vyao ni vichache na usingizi wao mtamu zaidi.

Kupweza chombo na kuorodhesha

Panga kazi kwa kalenda ya mwezi. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ndiyo inayokupa nafasi ya kukiweka chombo juu na kukifanyia kazi kikiwa kikavu, na kwetu sisi bamvua hukausha maji yapata saa nne au saa tano asubuhi, wakati mzuri wa kazi. Kazi kubwa, kama kutoa bawaba za usukani, ianze siku moja au mbili kabla ya kilele, ili likitokea la kutokea uwe na siku za kukimalizia chombo kabla maji mafu, yasiyokauka sana, hayajakuacha na tundu wazi chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo. Kama unacho kiwanja cha kukivuta chombo kabisa hadi nchi kavu, bora zaidi. Chukua wiki tatu.

Usiguse spana bado. Zunguka chombo na simu, piga picha kila chuma kabla ya kukitoa: kiko upande gani, kimetazama wapi, kina washa ngapi, zile pete bapa za chini ya nati. Tafuta makopo matupu, andika kwa rangi: usukani juu, usukani chini, mlingoti kulia, na kadhalika. Niliwahi kudharau hatua hii, nikaishia na bolti nane zinazofanana kwenye ndoo moja, kumbe zinapishana milimita tano tano.

Unapozunguka, isome mbao. Michirizi ya kahawia inayoshuka kutoka kwenye kichwa cha msumari ni chuma kinacholia. Duara jeusi kuzunguka msumari, na mbao inayobonyea ukiichoma na ncha ya kisu, ni jambo zito zaidi: kutu na chumvi vimekwisha kuila mbao yenyewe. Ubao uliotokeza kidogo penye msumari umesukumwa na kutu, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, ikavimba na kupasua.

Jua ni chuma gani

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa kuwa dukani kila kinachong'aa huitwa stenlesi na kila chekundu huitwa shaba.

Beba sumaku na tupa ndogo ya kusugulia chuma. Kinachonasa sumaku kwa nguvu ni chuma cha kawaida, kiwe kimechovywa zinki au hakijachovywa. Stenlesi nzuri hainasi, ingawa kwenye meno ya bolti inaweza kuvuta kidogo. Tazama kichwa cha bolti: A2 ni stenlesi ya kawaida, inayofaa jikoni, A4 ni ile iliyotiwa molibdeni, ambayo wengine huiita 316. Kwa bahari nunua A4 au usinunue kabisa. Hata hiyo A4 ina udhaifu uleule ulioniangusha mimi: stenlesi hujikinga kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili ujitengeneze upya. Ukiifungia ndani ya mbao yenye maji ya chumvi yasiyotembea, utando unakufa na chuma kinaanza kuliwa kimyakimya, huku kichwa kilichoko hewani kikiendelea kung'aa. Kwa hiyo stenlesi naipenda juu ya sitaha, penye upepo na jua. Chini ya mstari wa maji ndani ya mbao siiamini.

Ukikwangua kwa tupa ukaona njano, ni brasi au bronzi. Bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, ndiyo mfalme wa chombo cha mbao. Brasi ni shaba na zinki, na bahari huinyonya ile zinki ikaacha shaba yenye matundumatundu kama sponji. Brasi iliyonyonywa utaijua: mkwaruzo wake ni wa waridi badala ya njano, na ukiigonga haitoi mlio, inasema "dup". Bawaba na skrubu za brasi za milango ya nyumba zibaki kwenye milango ya nyumba.

Zinki nayo ni za aina mbili, na tofauti yake ni miaka. Bolti nyeupe inayometameta ya duka la vifaa vya ujenzi imepakwa zinki nyembamba sana kwa umeme. Baharini utaiona nyekundu kabla ya msimu kwisha. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto ni ya kijivu, imefifia, ina mabonge madogo hapa na pale. Mbaya wa sura huyo ndiye wa kuoa.

Vyuma viwili visivyopatana

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli yake Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya maji ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Ilipokaguliwa baada ya safari, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeoza vibaya. Pale tu ambapo karatasi ya kaki iliyofungia mabamba ilisahauliwa katikati ya shaba na msumari, msumari ulikuwa mzima.

Karatasi ya kaki! Ndiyo somo lote hilo. Vyuma viwili tofauti vikigusana ndani ya maji ya chumvi vinakuwa betri, na kimoja kinaliwa ili kingine kisalimike. Mpangilio wa kukumbuka, kutoka kinacholiwa haraka hadi kigumu: zinki, aluminiamu, chuma cha kawaida, brasi, shaba, bronzi, stenlesi. Kadiri viwili vilivyo mbali kwenye mstari huu ndivyo ugomvi unavyokuwa mkali. Ubaya zaidi ni kipande kidogo kinacholiwa kilichofungwa kwenye kipande kikubwa kigumu, kwa mfano misumari ya chuma inayoshikilia bamba la shaba. Ukilazimika kuchanganya, tenganisha kwa washa ya nailoni, kipande cha mpira, au tabaka nene la grisi ya baharini.

Kuvitoa

Subira ni zana. Siku tatu kabla, lowesha kila nati kwa mafuta ya kupenya. Ya kopo yanafaa, na mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia za otomatiki (ATF) hufanya kazi vilevile. Rudia asubuhi na jioni. Kabla ya kuvuta kwa spana, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa, mapigo mafupi makavu, ili kutu ipasuke. Kisha kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Nati isipokubali, ipashe moto kwa taa ya gesi mpaka mafuta yafuke moshi, huku kitambaa kilichoroweka maji kikikinga mbao, na ndoo ya maji iko karibu. Mbao iliyokunywa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka 20 haihitaji kubembelezwa ili iwake.

Nati iliyoliwa pembe, ipasue kwa tindo au ikate kwa msumeno wa chuma. Grenda ni ya haraka, lakini cheche zake hujichoma kwenye mbao na kuacha madoa ya kutu kila mahali. Funika kwa turubai lililoloweshwa. Bolti isukumwe kwa kipande cha chuma chembamba kuliko tundu lake, na nati ikiwa imerudishwa nusu ili meno yasiharibike.

Misumari ya mbavuni ni hadithi nyingine. Usiing'oe yote kwa hamu. Toa mmoja mmoja kama sampuli, mahali panapolia. Kwenye mashua nyingi ncha ya msumari imekunjwa kwa ndani juu ya taruma (ubavu wa chombo): nyoosha mkunjo kwa tindo, kisha usukume utokee nje. Ukitoka mzima na una unene wake, waache wenziwe. Ukitoka kama kiuno cha nyigu, ubao huo mzima unahitaji misumari mipya.

Kusafisha

Kila kilichotoka kizame kwanza ndani ya maji baridi ya kisima au bomba kwa siku tatu hadi nne, ukibadilisha maji kila siku. Watu huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kufanya kitu. Chumvi iliyobaki kwenye vishimo vya chuma itavuta unyevu chini ya rangi na kuibetua ndani ya mwezi.

Bronzi na shaba hutakata kwa siki au ndimu na chumvi kidogo, nusu saa, kisha suuza sana. Utando wa kijani kibichi ulioshikamana na bronzi hauna dhara, ni ngozi yake. Uondoe tu pale unapotaka kuangalia nyufa. Mimi sing'arishi bronzi. Anayetaka kujiona usoni anunue kioo.

Chuma chenye kutu nene kigonge kwa nyundo ya ncha hadi maganda yaanguke, kisha brashi ya waya. Kwa vipande vyenye pembe na matundu, kama roda za chuma (zile za kupitishia kamba) au mnyororo mfupi, njia ninayoipenda ni ya umeme na magadi.

Chukua ndoo ya plastiki, tia maji na kijiko kikubwa kimoja cha magadi meupe masafi kwa kila lita 4. Simamisha kipande cha chuma chakavu cha kawaida ukutani mwa ndoo. Kipande chako kining'inize katikati kwa waya, kisigusane na chakavu. Chaja ya betri ya gari, volti 12: waya chanya kwenye chakavu, waya hasi kwenye kipande chako. Ukigeuza, utakila kipande chako badala ya kukisafisha, kwa hiyo soma alama mara mbili. Washa, utaona mapovu. Acha saa sita hadi usiku mzima. Kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kufulia. Chaja za kisasa wakati mwingine hukataa kuwaka bila betri. Ile nzito ya kizamani ndiyo inayofaa.

Tahadhari hizi zisirukwe. Fanya nje, penye hewa, mbali na sigara, kwa sababu mapovu yale yana hidrojeni. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Usitumie stenlesi mahali pa chakavu, kwani hutoa kromiamu yenye sumu. Usitie chumvi badala ya magadi, itatoa gesi ya klorini. Na chuma ambacho zinki yake bado ni nzuri kisiingie humo kabisa.

Kipi kirudi, kipi kizikwe

Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, penye wembamba kuliko pote. Bolti iliyopoteza sehemu ya kumi ya unene wake naitupa, hata kama inaonekana na nguvu. Bawaba iliyopasuka pembeni mwa tundu itupe. Brasi ya waridi itupe bila mjadala. Chuma kipana chenye vishimo vya juujuu, kama mabano ya mlingoti, kinaweza kurudi kikitibiwa vizuri. Kipande kilichotoka kwa fundi wa kufua na hakipatikani dukani, usikitupe hata kikiwa kimekwisha: mpelekee mhunzi kama kielelezo, akufulie kipya kwa kipimo hicho.

Ukimpelekea mchomeleaji chuma kilichochovywa zinki, mwambie. Moshi wa zinki humpa mtu homa na kutetemeka usiku huohuo. Lazima zinki ikwanguliwe penye kuchomelewa, na kazi ifanyike penye upepo.

Kukikinga

Kwa chuma cha kawaida, kuchovya kwenye zinki ya moto, ambayo huyeyushwa kwenye nyuzi kama 450 za Selsiasi, hakuna kinachokifikia. Kusanya vipande vyote upeleke kwa mpigo, kwani karakana hutoza kwa uzito. Kumbuka zinki hunenepesha meno ya bolti, nati nazo lazima zitanuliwe.

Usipopata huduma hiyo, tumia rangi yenye unga mwingi wa zinki. Hii hufanya kazi ikigusana na chuma kitupu tu. Ukiipaka juu ya kutu au juu ya rangi nyingine umepaka mapambo. Paka siku hiyohiyo uliyosafisha, kabla ya umande wa jioni, maana hewa ya pwani hukirudishia chuma wekundu kwa saa chache. Matabaka mawili, kisha rangi ya epoksi juu yake.

Kwa chuma chenye vishimo ambavyo brashi haivifikii, kuna dawa ya nyumbani. Magome ya mkoko, yaleyale yaliyotumika kutia rangi nyavu na matanga, yana tanini nyingi. Chemsha mabaki ya magome mpaka maji yawe mazito kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, paka yakiwa vuguvugu. Kutu iliyobaki itageuka nyeusi yenye ubluu na kutulia. Hiyo si kinga kamili, bado inataka rangi juu. Na usikate mkoko hai kwa ajili ya kikombe cha dawa; mafundi wa boriti wana magome ya kutosha.

Grisi nayo isidharauliwe. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika Julai 1916, mafundi waliipaka injini grisi nene kabla ya kuiacha. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ni kweli maji yale si ya chumvi, ila miaka mingi majini ni miaka mingi.

Kurudisha

Tundu la zamani likwangue hadi mbao ngumu, lisuuze kwa maji baridi, liache likauke. Lililopanuka lizibe kwa kijiti cha mbao ngumu kilichochovywa gundi ya epoksi, kisha toboa upya. Msumari mpya usiupige kwenye tundu bovu. Sogea sentimita chache. Toboa kwanza kwa ncha nyembamba kuliko msumari, vinginevyo mvule utapasuka na utajuta kwa sauti.

Chini ya kila kichwa, zungusha pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za mbao, iliyolowa sifa, kama pete. Ukikaza, pamba inajibana na kuzuia maji kufuata shingo. Bolti yenyewe ipakae grisi mwili mzima kabla ya kuingia. Kwa ndani weka washa pana, isije ikazama kwenye mbao. Kaza hadi pamba ianze kutokeza, basi. Mbao itavimba ikilowa na kukaza yenyewe.

Bawaba za usukani zitazame kwa jicho la tatu. Pini zote lazima ziwe mstari mmoja. Mkaguzi mzuri ni uzi uliofungwa jiwe. Pini ikilegea tunduni, usukani hupigapiga usiku kucha chombo kikiwa nangani, na kila pigo linakula. Weka washa ya nailoni kati ya bawaba mbili ili usukani ukalie hiyo badala ya kusaga chuma juu ya chuma. Na funga kamba ya usalama kutoka kwenye usukani hadi tezi. Laiti ningekuwa nayo siku ile.

Nanga, mnyororo na injini

Mnyororo uliza kalipa: pete ya milimita 10 iliyobaki 9 mwisho wake umefika. Zilizo karibu na nanga husagwa zaidi na mchanga, kwa hiyo geuza mnyororo kichwa miguu kila mwaka. Pingu ya nanga, kile kiungo kinachoishika kwenye mnyororo, funga pini yake kwa waya, maana pini iliyokazwa kwa mkono hulegezwa na mawimbi.

Wenye mashine ya kubandika nyuma: mguu wake ni aluminiamu. Rangi ya kuzuia kome yenye shaba ikikaribia mguu huo, itautoboa. Kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mguu au kwenye shafti kiko pale ili kiliwe. Usikipake rangi, na kibadilishe kikifika nusu. Walioko Ziwa Victoria na Tanganyika watumie cha magnesi, zinki kwenye maji baridi hulala tu. Wala usiongeze vipande ukidhani unaongeza ulinzi: kwenye chombo cha mbao zinki ikizidi, mbao inayozunguka vyuma vilivyokingwa hulainika na kuwa kama uzi.

Baada ya hapo

Ndoo moja ya maji baridi juu ya roda, pingu na bawaba kila urudipo. Grisi kwenye pini za usukani na meno ya pingu kila mwezi. Mkwaruzo wowote kwenye rangi ya chuma uuzibe wiki hiyohiyo.

Na mara moja kwa mwaka, bamvua ya kwanza baada ya masika, mimi hutoa bolti moja ya usukani, ile ya chini kabisa, naipima na kuiandika kwenye daftari. Ikiwa nzima, inarudi na pamba mpya. Ikiwa imepungua hata nusu milimita, zinatoka zote siku hiyohiyo, kabla maji hayajajaa.